Viti vya Magokoro

Kazi iliingia saa nne usiku, Desemba 2023. Kurasa sita, saa kumi na nane, mwenye kazi ni mwanafunzi wa chuo fulani cha Marekani ambaye sitawahi kumjua. Mada: je, ukimpa maskini pesa bila kumwekea masharti, ataanzisha biashara? Malipo ni dola nne kwa ukurasa, ambazo zikishapita kwa mwenye akaunti zinanifikia zikiwa tatu. Kama umewahi kuishi na msee anayeandikia wazungu, hii hesabu unaijua.

Nilikuwa Kebirigo, kwa nyanya yangu, nimeketi kwenye kiti cha plastiki cha kijani, laptop juu ya magoti, mvua inatwanga mabati. Mtu aliyeacha chuo mwaka wa tatu anamwandikia mtu mwingine insha ya chuo. Hiyo nilishaizoea, hata haichekeshi. Kilichonifanya niache kuandika ni kiti chenyewe. Nyuma ya egemeo lake kulikuwa na herufi mbili za rangi nyeupe nilizozipaka mwenyewe kwa brashi mbovu. Kiti kile kilikuwa jibu la swali la yule mwanafunzi, na sikuwa na njia ya kukiingiza kwenye insha yake. Kwenye orodha ya marejeo ningeandika nini? Magokoro, mazungumzo ya jikoni?

Basi nikamwandikia yake. Hii ni yangu.

Magokoro ni nyanya kwa Ekegusii. (Na ndiyo, kwetu "baba" ni mama. Nimepoteza miaka Nairobi nikieleza hilo.) Kwake, jirani na Nyamira mjini, chai inaanzia kando ya barabara na kuishia karibu na mlango wa jikoni. Shamba limegawanywa kwa baba, kwa ndugu zake, kisha kwa watoto wa hao ndugu, hadi sasa ukipiga chafya unapiga kwenye mpaka wa mtu. Wanachuma majani, wanayabeba hadi kituoni, lori la kiwanda linayachukua. Kila mwezi kunaingia kitu kidogo, na mwezi wa Oktoba inaingia bonasi. Nataka ukumbuke hiyo bonasi. Watu wa kwetu hawahitaji mwanauchumi kuwaeleza tofauti ya pesa ya kudondoka na pesa ya mkupuo. Pesa ya kila mwezi inakuwa unga, sabuni, na deni la dukani. Ya Oktoba ndiyo inayoezeka nyumba.

Magokoro ana mistari michache tu ya chai, na mikono yake ilishachoka. Lakini mwaka 2018 serikali ilipanua mpango wa Inua Jamii: ukifika miaka 70 na huna pensheni, unaandikishwa, unapata 2,000 kwa mwezi. Wakati ule kwa kawaida zililipwa za miezi miwili pamoja, yaani 4,000. Hakuna anayekuuliza utazifanyia nini. Huhitaji kuonyesha risiti, wala kuhudhuria semina chini ya mwembe huku unapewa soda. Umri wako ndio fomu. Magokoro alikuwa na miaka 71, akaweka kidole chake kwenye kimashine cha wakala, akapewa 4,000 mkononi.

Mara ya kwanza hakuzitumia kwa wiki nzima, alizifunga kwenye leso. Alikuwa anangoja waje kuzichukua.

Hofu hiyo si ya ushamba. Jirani zetu wa Homa Bay, miaka michache kabla, walifuatwa na shirika la GiveDirectly likitaka kuwapa pesa za bure kwa simu, na karibu nusu ya kaya zilizofikiwa zilikataa. Uvumi ulisema ni pesa za shetani, kwamba siku moja utadaiwa damu au mtoto. Watu wa mjini waliisoma hiyo habari wakacheka. Mimi sicheki. Hapa kwetu pesa imekuwa ikija na mwenyewe nyuma yake kwa muda mrefu sana. Ikija peke yake, mtu mwenye akili anachungulia kuona nani anafuata.

Mimi mwenyewe nilisomeshwa na pesa ya aina hiyo, yenye watu nyuma yake. Nilipoitwa chuo, kijiji kilifanya harambee kwenye uwanja wa shule ya msingi. Kipaza sauti kilitangaza kila jina na kila kiasi: fulani, 500, fulani, kuku mmoja, nani atamnunua huyu kuku? Nilisimama pale na suti ya mjomba nikishikana mikono. Ninashukuru, na ninasema kwa moyo. Lakini kila shilingi ya siku ile ilibaki na macho. Nikipita sokoni: "Umefika mwaka wa ngapi?" Nikinunua viatu: "Hiyo ndiyo fizi yetu?" Fizi zenyewe ziliisha mwaka wa pili. Mwaka wa tatu, 2021, nikiwa na deni na mtihani ambao sikuruhusiwa kuufanya, nilirudi nyumbani usiku, kwa matatu ya mwisho, ili nisionekane nikishuka na godoro.

Niliamkia kwa Magokoro kwa sababu yeye peke yake hakuuliza. Alinipa chai, na chinsaga iliyobaki na ugali, akasema, "Bwana yangu umerudi, sasa nani atanioa mjini?" Ndivyo nyanya wa kwetu wanavyotania wajukuu wa kiume. Wiki iliyofuata akanipa kazi: kuwa katibu wa chama chake. Katibu wa kwanza macho yalikuwa yamemkataa.

Chama kilikuwa na wazee kumi na wawili, wanawake tisa na wanaume watatu, wote wa ile pesa ya serikali. Kila malipo yanapoingia, kila mmoja anatoa 1,000 na kubaki na 3,000. Zile 12,000 zinakwenda kwa mtu mmoja. Malipo yakikawia, zamu inasogea, hakuna ugomvi. Hiyo ndiyo katiba yote. Hawakufundishwa na mtu. Walichukua pesa ya kudondoka wakatengeneza Oktoba yao wenyewe.

Mapema 2022 zamu ilimfikia Magokoro, ya saba kwenye orodha. Na mimi, msomi wa nyumba, nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimechora mpango wa kuku wa kienyeji walioboreshwa, kurasa nne, wenye jedwali. Chakula, chanjo, mayai kwa wiki, faida mwezi wa sita. Mpango mzuri tu. Ungeweza kuupeleka kwa shirika lolote nao wangekupigia makofi. Nilimsomea jikoni, nikitafsiri jedwali kwa Ekegusii kadri nilivyoweza. Alisikiliza hadi mwisho, moshi ukimwingia machoni.

"Wewe umewahi kufuga kuku?"

"Hapana, Magokoro."

"Mimi nimewahi. Walikufa wote wiki moja."

Akasema atanunua viti.

Nilidhani anataka kukalia. Akanieleza kama unavyomweleza mtoto. Tangu miguu ianze kumuuma, kwenye misiba yeye ndiye anayehangaika kutafuta pa kuketi, kwa hiyo anajua viti vinatoka wapi. Mwenye viti wa karibu yuko Nyamira mjini. Ukikodi kwake unalipia viti, halafu unalipia gari la kuvileta na kuvirudisha, na gari ni ghali kuliko viti. Siku ya mazishi sawa, wafiwa wanahitaji viti mia na hema na spika, gari linafaa. Lakini kabla ya mazishi kuna jioni za watu kuja kuketi na wafiwa, na hizo zinahitaji viti kumi na tano, ishirini. Hakuna anayeleta gari kwa viti ishirini. Watu wanaketi kwenye magogo, kwenye nyasi zenye maji, kwenye ndoo zilizopinduliwa. Tena kuna vyama, kuna mikutano ya kanisa, kuna watu wa mahari. "Mimi nimeketi kwenye ndoo miaka mingapi?" akaniuliza. "Hilo wewe utalijulia wapi?"

Tulinunua viti 18 kwa 650 kila kimoja, 11,700. Mia tatu zilizobaki zikalipia Probox. Majirani walicheka, na mmoja akasema Omong'ina anajiandalia matanga yake mapema. Nilipaka herufi nyuma. Bei akaiweka shilingi 10 kwa kiti kwa siku, watoto wa jirani wakivibeba kichwani, wanne wanne, kwa malipo ya mandazi. Nikapiga hesabu: viti 18 kwa siku tatu ni 540, kwa hiyo misiba 22 na pesa imerudi karibu yote. Nilimwambia ni polepole mno. Akasema, "Watu wanaacha kufa?"

Huo ndio utafiti wa soko. Hadi leo sijapata mwingine mfupi kuuliko.

Sasa nirudi kwenye ile insha, maana usiku ule wa Desemba nilisoma vitu ambavyo vilinifanya nimwamshe mtu aliyelala. Ilibainika kwamba mahali ambapo dunia imechunguza zaidi pesa ya bure si Ulaya wala Marekani, ni hapa kwetu magharibi mwa Kenya. Ukitoka Keroka ukishika barabara ya Sotik, hata saa mbili hazifiki uko ndani ya Bomet, na huko Bomet na Siaya kuna vijiji 295 vilivyogawanywa kwa makundi. Baadhi kila mtu mzima anapewa takriban shilingi 2,250 kwa mwezi kwa miaka 12. Wengine walipewa kiasi hicho hicho kwa miaka miwili tu. Wengine walipewa jumla ya miaka miwili kwa mkupuo, takriban dola 500. Na vijiji 100 havikupewa kitu, ni vya kulinganisha. Wanaofuatilia ni pamoja na Abhijit Banerjee, aliyeshinda Nobel ya uchumi 2019, na Tavneet Suri.

Matokeo yalikuwa yametoka miezi michache tu kabla yangu kuyasoma. Watu hawakuacha kazi kwa uvivu. Walichofanya wengi ni kupunguza vibarua vya watu na kuingia kwenye shughuli zao. Waliopewa mkupuo walianzisha biashara nyingi kuliko waliopewa kidogo kidogo kwa miaka miwili, ingawa pesa ni ileile. Hilo nililitarajia, mtoto wa bonasi mimi. Kilichoniamsha ni kundi la miaka 12. Wao pia walipewa kidogo kidogo, lakini walifanya biashara kama wa mkupuo. Kwa nini? Walijua pesa haitakatika kesho, basi wakaingia kwenye vyama vya kuzungushiana, wakageuza matone kuwa mkupuo.

Nilienda kugonga mlango wa chumba chake. Saa saba za usiku. "Magokoro, kuna profesa wa Nobel amegundua chama chenu."

"Anataka kujiunga?" akauliza, akalala tena.

Kuna utafiti mwingine wa Siaya ambao ninaupenda zaidi, kwa sababu unahusu wale wasiopewa. Kati ya 2014 na 2017 zaidi ya kaya 10,000, zilizokuwa zinaishi kwenye nyumba za nyasi, zilipewa dola 1,000 hivi kila moja, shilingi 87,000 za wakati ule. Watafiti walihesabu maduka, posho mill, bei za sokoni, vijiji zaidi ya 650. Kila shilingi iliyoingia ilizunguka hadi kuleta karibu shilingi mbili na nusu kwenye uchumi wa hapo, na bei za vitu hazikupanda hata asilimia moja. Majirani ambao hawakupewa chochote nao walinufaika, kwa sababu aliyepewa alinunua kwao. Niliposoma hapo niliwaona wale watoto wa mandazi. Na niliona yule mama wa mandazi, ambaye hayuko kwenye orodha ya serikali yoyote, akiongeza unga siku za msiba.

Lakini nisikuuzie hadithi tamu. Niliweka daftari la chama, najua waliobaki walifanya nini. Wawili walinunua mabati. Mmoja alinunua kondoo jike, akazaa, akauza. Wanne walilipia wajukuu shule. Mzee mmoja alilipa deni la hospitali na hakubakiwa na kitu. Mama mmoja alijenga choo. Mwingine alinunua blanketi mbili na akampeleka mumewe kutengenezwa meno, na sijawahi kuona mtu mwenye furaha kama yule mzee akila mahindi ya kuchoma. Mzee wa mwisho kwenye orodha alifariki kabla ya zamu yake, chama kikampelekea mjane wake zile 12,000. Ukimwondoa Magokoro, kati ya kumi na mmoja ni mwenye kondoo pekee unayeweza kumwita mfanyabiashara, na hapo umejikaza. Hilo halinisumbui. Watu wanaotetea pesa ya bure kwa kusema "itawafanya wote wajasiriamali" wanaweka sharti kupitia mlango wa nyuma. Mzee wa meno naye anahesabika.

Ninachoshikilia ni kitu kidogo zaidi. Viti visingenunuliwa kwa pesa yoyote nyingine. Harambee isingekubali, nani atachangia nyanya anunue viti? Mkopo je? Novemba 2022 Hazina ya Hustler ilizinduliwa, kuanzia 500 hadi 50,000, na binamu yangu wa boda alipata 500 zake za kwanza siku hiyohiyo. Lakini mkopo wa siku 14 unafaa mtu anayenunua nyanya asubuhi na kuziuza jioni. Viti vinarudisha pesa kwa mwaka. Na kama kungekuwa na mradi wenye fomu, fomu ningeijaza mimi, na mimi ningeandika kuku. Si kwa sababu kuku ni bora, ila kwa sababu nilijua kuku ndiyo husomeka vizuri na wenye pesa. Mtu pekee aliyejua kuhusu jioni za magogo na ndoo alikuwa mwanamke asiyeandika, na alilijua kwa miguu yake. Pesa yenye masharti ingemwomba kwanza anishawishi mimi.

Hadi Desemba 2022 viti vilikuwa vimetoka mara 34. Mara sita nimeandika "bure" kwenye daftari, kwa nyumba ambazo Magokoro alisema tusiziulize. Viwili vilivunjika. Kiliingia 13,640.

Ndani ya hizo kuna mstari mmoja wa Agosti ambao nimeuchelewesha makusudi. Umeandikwa kwa mwandiko wangu: "Mjukuu, 5,000."

Alinipa asubuhi moja nikisukutua kinywa nje. Alisema, "Na wewe anza." Sikuambiwa nianze nini. Nilimwambia nitamletea mpango, akaniangalia kama mtu aliyeshasomewa mpango wa kutosha.

Nilikwenda nazo Kisii mjini. Nilikuwa na nia ya kutengeneza kioo cha laptop, kilichokuwa kimepasuka tangu chuo. Fundi akasema 4,500, na kioo lazima kiagizwe, nirudi keshokutwa. Nikalala kwa rafiki. Usiku ule tulicheza ile kamari ya kindege kwenye simu. Kindege kinapaa, namba inapanda, unatakiwa kutoa pesa kabla hakijaruka. Nilianza na mia, nikashinda. Hadi saa tisa za usiku 3,200 zilikuwa zimekwenda. Nilirudi Kebirigo na 1,400 na mkate.

Kila ninapoongea kuhusu pesa za bure mjini kuna mtu anayesema: maskini ukimpa pesa atainywa. Ninayo majibu. Rarieda, huko Siaya, kuanzia 2011, Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia kaya zilizopewa pesa na GiveDirectly: waliopewa kila mwezi walikula vizuri zaidi, waliopewa mkupuo walinunua mabati na vitu vya kudumu, na matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka. Ninayasema hayo kwa sauti kubwa. Halafu ninanyamaza, kwa sababu katika ukoo wetu mtu aliyeharibu pesa ya bure si mzee asiyejua kusoma. Ni mimi. Mwenye jedwali.

Magokoro hakuuliza. Ningependa angeuliza, maana nilikuwa nimetunga uongo mzuri njia nzima. Alikata mkate, akanipa kipande kikubwa. Nilikaa na hilo jambo miezi saba. Nilipaka viti rangi upya bila kuambiwa. Nilibeba viti mwenyewe kwenye misiba, mbele ya watu wa harambee, na nilipoulizwa nimefika mwaka wa ngapi nikasema nimeacha. Hakuna aliyeanguka.

Machi 2023 pesa ya serikali ilipoingia, alitoa 4,000 zote, za miezi miwili, akaziweka juu ya daftari. Zamu hii niliongea kwanza. Nilimweleza kila kitu, kindege na yote. Alisikiliza. Akauliza kindege chenyewe kinafananaje, nikamchorea. Akatazama mchoro kwa muda, akasema, "Na watu wazima wanalipia hiki?" Kisha akasukuma pesa kwangu. Niliongeza 500 zangu, nikaenda Kisii, nikarudi siku ileile na kioo.

Kazi ya kuandikia wazungu ilianza wiki mbili baadaye, na kutoka hapo zikaja kazi nyingine ninazoweza kutia jina langu, kama hii unayosoma. Sisemi nimefika. Kuna miezi ninapata 30,000, kuna miezi ninapata 4,000 na ninaazima bando. Huko kaskazini mwa Uganda, 2008, serikali iliwapa vijana pesa katika vikundi, karibu dola 380 kwa kichwa. Waliandika mpango wa ufundi mara moja, kisha hakuna aliyewafuata nyuma. Baada ya miaka minne kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko wenzao wasiopewa. Baada ya miaka tisa wale wengine walikuwa wamewafikia, ingawa waliopewa bado walikuwa na mali zaidi. Nilipomaliza kusoma hilo nilifunga laptop kwa muda. Miaka tisa yangu itafika 2032. Inawezekana kabisa ningefika tu hata bila kioo, kwa njia ndefu, nikichuma majani ya watu. Lakini hiyo miaka ya katikati ningekuwa nimeiishi wapi?

Insha ya mwanafunzi niliituma saa moja kabla ya muda. Nililipwa dola 18. Kwenye sehemu ya mwisho nilikuwa nimeandika kwamba wapokeaji huwa na taarifa za mazingira yao ambazo watoaji hawana. Ni sentensi iliyokufa, lakini ndani yake kuna ndoo iliyopinduliwa, na mwanamke ameikalia, anahesabu.

Viti sasa ni 42. Faida ya mwaka wa kwanza ilinunua kumi, na katikati ya 2024, zamu ilipomrudia, 12,000 zilinunua 16 tu, maana bei ilikuwa imefika 750. Unga nao ulipanda. Zile 2,000 za serikali bado ni 2,000. Na kuna kijana wa kijiji cha pili ameleta viti vyake 60, vyeupe, vipya, na anakodisha kwa shilingi nane. Magokoro alikwenda kuviketia kwenye matanga fulani, akarudi akisema miguu yake ni myembamba, havitamaliza mvua mbili. Lakini wiki ile vyetu vilitoka mara moja tu.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunavihesabu vilivyorudi, giza limeshaingia, mimi na tochi ya simu, yeye mlangoni na mkongojo. Nilipata 41. Nikasema nitaenda kutafuta hicho kimoja. Akasema niache, anajua kiko kwa nani na kwa nini, kuna mgonjwa pale. Kisha akaniuliza hema la watu hamsini lina urefu gani.

Nilimwambia, Magokoro, hema ni pesa nyingi sana, hata zamu mbili hazitoshi.

"Nimekuuliza bei?" akasema. "Nimekuuliza urefu."